Likoni Iliyochorwa Bila Watu

Nyinyi niliowaachia funguo za chumba cha nyuma mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa nawalazimisha wanafunzi waseme kwa sauti kila wanachokiona dirishani, hata kama ni takataka inayoelea. Mkaniona mkorofi, na pengine mkorofi ndimi kweli. Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Kisauni namwagilia mchicha, na wasaa wa kuwajibu ninao. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wenyewe hauna hadithi.

Kabla ya kuingia chuo chetu cha mabaharia pale Changamwe nilikuwa fundi wa redio za meli. Kazi yangu ilikuwa kupanda milingoti na bisibisi mdomoni huku mabaharia wa nchi za watu wakinitazama kwa chini kuona kama mwanamke ataanguka. Sikuanguka. Chuo kiliponunua ile mashine, wakatafuta mtu asiyeogopa nyaya, na jina langu likatajwa. Kwenye karatasi inaitwa kiigizi cha meli. Sisi tuliiita meli ya ndani, kwa sababu mtu akiniuliza ninafanya kazi wapi, nilikuwa nasema, "Melini, lakini ya ndani," akabaki kunitazama.

Siku ya kwanza nilifikiri nimeletwa kwenye chumba cha sinema. Mnakijua chumba chenyewe: madirisha yote ni skrini, katikati usukani, kando rada, sakafu ya mbao juu ya saruji. Mimi nakaa chumba cha nyuma, nyuma ya ukuta, na ramani ya bandari mbele yangu na maikrofoni. Nikibofya hapa, mvua inanyesha. Nikibofya pale, ukungu unashuka, au tagi, ile meli ndogo ya kuvuta nyingine, inakatiza mbele ya omo, pua ya meli, bila adabu. Mwanafunzi hanioni. Ananisikia tu, na mimi namwona kwa kamera ndogo iliyo juu ya usukani. Wiki ya kwanza nilileta mvua nyingi kupita kiasi, nakiri, maana si kila siku mtu hupewa mawingu.

Jambo lililonistaajabisha ni matapishi. Sakafu ile haisogei hata kidogo, lakini skrini zikianza kuyumba, mijitu mizima ilishika kuta. Kijana mmoja wa Changamwe, mwenye kifua kama mlango, alitapika ndani ya kofia yake akiwa amesimama juu ya saruji. Nikampa ndoo, nikamwambia, "Pole baba, tumefika nchi kavu." Hakucheka. Tangu siku hiyo ndoo ilikaa pale mlangoni, na mpaka naondoka ilikuwa haijapata likizo.

Jambo la pili lilikuwa Likoni. Waliotengeneza mashine walituchorea bandari yetu ya Kilindini vizuri mno. Gati za Kipevu zipo, maboya yako mahali pake, na feri yenyewe inavuka kwenda na kurudi. Ng'ambo ya Likoni wamechora mabati, minara ya misikiti, barabara inayoteremka hadi gatini, hata vibanda. Watu tu ndio hawakuchora. Hakuna mtu hata mmoja. Feri inafika, mlango unashuka, hashuki mtu, mlango unapanda, feri inarudi. Nyinyi mnaijua Likoni, mnajua pale pa kupigana vikumbo hata saa kumi na moja ya alfajiri. Kupatazama pakiwa kimya kama maji mtungini, taa zinawaka na hakuna mwenye kuziwasha, kulinitia baridi mgongoni. Wanafunzi wa Likoni walikuwa wakipitisha meli pale wanatafuta nyumba zao kwa darubini. Wakizipata, wananyamaza.

Aliyenifundisha kazi ni Kapteni Athmani, Mungu amrehemu, rubani mstaafu wa bandari. Alikuwa mtu wa Kisauni kwa makazi na wa Mvita kwa ulimi. Alikuja kufundisha na koti lake la rubani ingawa ndani ya chumba kile kulikuwa na joto la tanuri kila umeme ulipokatika. Yeye ndiye alinionyesha kwamba mashine haifundishi mtu. Inayofundisha ni kutazama na kusema. Mwangalizi anaona, anasema. Mwenye zamu anajibu kwa kurudia maneno yale yale. Mshika usukani hivyo hivyo. "Mato ni yako, Zuhura," aliniambia, mato ndivyo tusemavyo macho, "ulimi ni wa chombo." Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Kweli, lakini melini mwenye macho huambiwa sema.

Zoezi alilolipenda ni la mtu majini. Mnalijua: natoa kwenye orodha yangu sanamu ya mtu mwenye jaketi la rangi ya chungwa, naiweka baharini, nayo inapunga mkono. Huyo ndiye mtu pekee aliyechorwa katika mashine nzima. Meli inamwendea polepole, inasimama ubavuni pake, na mimi nikiona imefanya sawa nabofya jina lake, anaondoka majini. Nisipobofya, haondoki. Kapteni Athmani alikuwa anaweka sanamu zake mwenyewe akiwa pale kwenye kiti changu, huku na huku, bila kuniambia, ili hata mimi nisijue. Alipougua, mashine ikaja kufanyiwa marekebisho na mafundi wa ng'ambo, wakaweka programu mpya, orodha zote zikaanza upya. Yeye hakurudi tena chuoni. Tulimzika Kisauni, na koti nikalikabidhi kwa mkewe.

Sasa nifike kwa Mwanasiti.

Mwanasiti alikuwa binti wa Kidigo wa Likoni, mwembamba, mwenye kuamkia vizuri. "Shikamoo mwalimu" yake ilikuwa ya kuinama, na ukimwita anaitika "Abee" kabla jina halijamalizika mdomoni. Kichwa chake kilikuwa chepesi kwenye ramani, na usukani aliushika kama anayeshika mtoto. Lakini mtihani wa kwanza alianguka. Alisimamisha meli katikati ya mlango wa bandari, hapo Likoni, na alipoulizwa na mtahini wa wakati ule akasema ameona kitu. Mtahini akaandika: ana hofu. Sheria ya chuo mliikuta nanyi, aliyeanguka mara mbili anarudi nyumbani, na hana ruhusa ya kuomba tena. Kwa hiyo mtihani wa pili kwake ulikuwa ni kupata bahari au kuikosa moja kwa moja.

Mtahini safari hiyo alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipenda kukaa humo humo chumba cha usukani, kwenye kiti karibu na mlango. Nje ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua la Changamwe linakaanga mabati. Ndani niliweka alfajiri, ile saa ambayo mtu hamtambui mwenzake, maji yanapwa, meli ya makontena inatoka Kipevu kwenda bahari kuu. Mwanasiti ndiye mwenye zamu. Usukani alikuwa nao Kombo, mwanafunzi wa Kisauni, mwana wa wavuvi, mkubwa kuliko wenzake wote. Wengine walikuwa kwenye rada na madirishani.

Walikwenda vizuri mpaka karibu na feri. Ghafla nikasikia sauti yake kwenye spika.

"Mtu majini! Kulia, mbele ya gati!"

Nikatazama ramani yangu. Kulikuwa na feri, maboya na meli yao. Maji matupu.

"Usukani kulia kabisa!"

"Usukani kulia kabisa," Kombo akajibu, na sauti yake haikuwa na mshangao wowote. Hilo nililiona baadaye.

Ndivyo tunavyofundisha, geukia aliko ili rafadha, lile pangaboi la nyuma, imkwepe. Lakini mlango ule ni mwembamba na mkondo ulikuwa na nguvu. Tezi, nyuma ya meli, ikasombwa, omo ikaenda moja kwa moja kwenye ardhi ya Likoni. Skrini zikatetema, kengele ikalia. Nikaizima, nikafungua mlango wa ukuta, nikaingia na taa nimewasha. Ukiwasha taa mle ndani, bahari yote inageuka kuwa televisheni.

"Bi Zuhura," Bwana Mutua aliniuliza, "uliweka mtu majini?"

"Sikuweka."

"Hukuweka kwa bahati mbaya?"

"Bwana Mutua, mimi sukari kwenye chai siweki kwa bahati mbaya."

Akaenda nami chumba cha nyuma, tukaipekua orodha pamoja, jina baada ya jina. Hakukuwa na mtu. Tuliporudi akamgeukia Mwanasiti, na wallahi alisema naye kwa upole, kama baba.

"Binti yangu, nisikize. Hapa mimi naona njia mbili. Ukiniambia uliona boya ukadhani ni mtu, hilo ni kosa la macho, linampata kila baharia, nitakuruhusu urudie leo leo. Lakini ukishikilia ulimwona mtu, na mashine inasema hakuna mtu, nitaandika huyu anaona vitu. Na mtu wa kuona vitu mimi siwezi kumpa meli. Sasa niambie. Lilikuwa boya?"

Nilimkonyeza. Ndiyo, nilimkonyeza, mpate kujua mwalimu wenu ni mtu wa aina gani. Nilitaka aseme boya tumalize. Mwanasiti aliuvuta ushungi wake mbele.

"Halikuwa boya, bwana."

"Una hakika?"

"Boya halipungi mkono."

Nywele zilinisimama, maana darasa lile nilikuwa nimelifundisha zoezi hilo kwa maneno tu, na sanamu inayopunga mkono sikuwahi kuwatajia.

"Mwanangu," nikamwambia, "kubali tu ulikosea. Hujui unachokitupa."

Akanitazama, machozi yanateremka, lakini ulimi ukawa mkavu. "Mwalimu, mimi kakangu Bakari alitoka na mtumbwi Mtongwe ukampindukia. Watu walimwona. Walikuja matangani kwetu wakasema wenyewe, tuliona kitu kinapunga, hatukujua kama ni mtu au ni mambo ya bahari, tukanyamaza. Wamekaa kwenye mkeka wetu wanakula wali wetu wanasema tulinyamaza. Mama yangu hakuwajibu. Mimi niliapa siku ile. Nikiona, nitasema. Kama ni mtu, kama si mtu, nitasema. Niangusheni."

Bwana Mutua akafungua kalamu. Hapo ndipo nilipowatazama wale wengine. Mtu akilia mbele za watu, watu humtazama yeye. Hawa walikuwa wanatazama sakafu, kila mmoja.

"Nani mwingine amemwona?" nikauliza.

Nikamgeukia mshika usukani.

"Kombo. Wewe uligeuza usukani kama uliyejua tayari aliko. Umemwona?"

Kombo akajikuna shingo. "Mwalimu, usikasirike."

"Nitakasirika nikitaka. Umemwona?"

"Yule?" akasema. "Yule yupo siku zote."

Mama yangu! Nilishika ukingo wa meza ya rada.

"Siku zote tangu lini?"

"Tangu tulipoanza masomo. Hata darasa lililotutangulia walitwambia. Maji yakijaa utamwona upande wa Mtongwe. Yakipwa huja hapa Likoni gatini. Ukimwona, pita. Usimtaje."

"Kwa nini msiniambie?"

"Mwalimu, wewe si mtu wa pwani? Nyanya zetu wanasemaje? Ukionacho peke yako baharini, kiache baharini. Ukikitaja, kimekujua jina."

Na kweli, nami nililelewa hivyo hivyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipita ufukweni jioni anatazama mbele tu, na sisi wajukuu tukiuliza kile nini kile, tunafinywa. Kila mmoja wa wale wanafunzi alidhani anamwona peke yake, mpaka alipodokezwa na mwenziwe chooni au kwenye chai, na dokezo lenyewe lilikuwa ni la kunyamaza. Madarasa mazima yalipita mbele ya mtu anayepunga mkono. Nikawapa vyeti vya uangalizi, nikawapa mkono wa heri, wakaenda melini.

Hofu yangu ikageuka hasira. Lahaula! Niliwapigia kelele mpaka mama wa chai akachungulia, yeye ambaye tangu tulipofungua hakuwahi kukanyaga mle ndani. Niliwaambia bahari haina haja na adabu yao. Niliwaambia kuna mtu huko nje usiku wa leo anaonwa na mwangalizi niliyemfundisha mimi, na mwangalizi huyo anatazama mbele tu kama bibi yangu.

Mnataka maelezo, najua, nyinyi watu wa kompyuta. Ninayo. Nadhani Kapteni Athmani aliweka sanamu yake ya mwisho kabla hajaugua, haikuwahi kuokolewa, na mafundi walipoweka programu mpya jina likapotea kwenye orodha na ramani, picha ikabaki, mkondo ukawa unaisukuma kama unavyosukuma kila kitu mle ndani. Hayo ndiyo maelezo yangu, na mchana nayashikilia.

"Futeni hiyo faili," Bwana Mutua akasema. "Leteni nyingine safi."

"Mumfute?" Mwanasiti akauliza.

Bwana Mutua akaifunika kalamu, akaifunua tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea, "Hata mimi nilimwona."

Tukamgeukia wote.

"Nilimwona kwenye dirisha la kulia. Nikajiambia, Mutua, haya ni mambo ya watu wa pwani, hayakuhusu." Akapangusa uso. "Haya. Rudisheni meli Kipevu. Nitamtahini kwa mtu huyo huyo. Akimfikia kwa utaratibu na meli isiguse ardhi, amefaulu. Akigusa tena, ameanguka, na hapo sitasikiza tena la mtu yeyote."

Nikarudi chumba cha nyuma, nikazima taa zao, nikaanza alfajiri upya. Sikuongeza kitu wala kupunguza.

Safari hii Mwanasiti hakuwa na pupa. Alipunguza mwendo mapema, na alipokaribia akaita: "Mtu majini, kulia, mbele ya gati." Na kwa mara ya kwanza nikasikia wengine wakiitika madirishani, mmoja baada ya mmoja, "Namwona. Namwona. Namwona." Sauti ya mwisho ilikuwa ya Bwana Mutua. Mwanasiti hakugeuka papo hapo. Alimpita kwa mbali, akaruhusu maji yampeleke yule mtu hadi mahali penye upana, akazunguka hapo na kuupa mkondo uso. Kwenye ramani yangu niliona meli kubwa ya makontena inachora duara safi kabisa, duara ambalo Kapteni Athmani angelipigia makofi, kuzunguka maji matupu. Kisha ikasimama. Haikugusa popote.

"Injini simama," akasema.

"Injini simama."

Niliinamia ile skrini ya kamera. Wote walikuwa wamebanana dirisha la kulia, wanatazama chini. Mimi sikuona wanachokitazama. Kamera yetu inaonyesha migongo tu. Nilikuwa na panya wa kompyuta mkononi na sikuwa na jina la kubofya, nikajua kwamba hataondoka, watakaa pale wanatazamana naye mpaka umeme ukatike. Nikamwachia panya, nikaweka mikono mapajani.

"Shusheni ngazi," Mwanasiti akasema. Halafu akainama karibu na kioo, akasema na mtu, si kwa sauti ya mtihani: "Njoo kaka. Tumekuona."

Nikasikia mfereji wa maji chooni unavuja, nikasikia feri ya mle ndani inashusha mlango wake.

"Hayupo tena majini," Kombo akasema.

Sikuwa nimebofya kitu. Mikono yangu ilikuwa mapajani, naapa kwa Mwenyezi Mungu.

"Amepanda," Mwanasiti akasema, na akageuka, akaupa mgongo ule upande wa bahari, akatazama mlangoni. "Mpisheni."

Nikawaona kwenye kamera wakirudi nyuma, nusu huku nusu huku, viatu vinaburura kwenye mbao. Na Bwana Mutua, bila kuambiwa na mtu, alisimama, akanyanyua kiti chake, akakisogeza ukutani ili njia iwe wazi.